Kura ya Maoni na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: Nani Aulizwe?

0. Utangulizi

Tarehe 26 Aprili 1964, nchi mbili zilizokuwa huru, Tanganyika na Zanzibar, zilifanywa jamhuri moja. Tangu hapo, na hasa baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena mwaka 1992, sauti zimesikika Unguja na Pemba zikidai wananchi waulizwe kwa kura: je, wanautaka Muungano huu au hawautaki? Makala haya hayakusudii kupima kama Muungano ni mwema au mbaya. Yanakusudia kueleza jinsi dai hilo lilivyozaliwa, maneno yanayolibeba, na sababu za kura hiyo kutopigwa hadi leo. Hoja kuu ni kwamba, kabla ya jibu, ugomvi upo katika kujua ni nani anayestahili kuulizwa.

1. Maneno yanayobeba ugomvi

Neno muungano linatokana na kitenzi kuunga, kilichopewa kiambishi cha kutendana, -an-. Kitenzi cha namna hiyo hudai watendaji wawili au zaidi, kwa kuwa mmoja haungani peke yake. Ndiyo maana watetezi wa hadhi ya Zanzibar husema kwamba Muungano hauwezi kuwapo pasipo washirika wawili walio hai. Watetezi wa mfumo uliopo hujibu kwamba vilivyoungwa vimekwisha kuwa kitu kimoja, na kwamba kiungo si mshirika tena. Pande zote mbili zinatumia neno lilelile.

Neno mkataba lina mkondo mwingine. Mkataba huandikwa, huwa na masharti, na unaweza kuvunjwa na aliyeutia sahihi. Kwa hiyo, waliodai “muungano wa mkataba” walikuwa wakidai mahusiano ya dola mbili, hata kama hawakutamka neno kujitenga. Kadhalika, wapo wanaokumbusha msemo unaonasibishwa na Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, unaolinganisha Muungano na koti: likikubana, unalivua. Picha hiyo ina jibu ndani yake, kwani avuaye koti haombi ruhusa ya koti.

Ama kuhusu kura ya maoni, istilahi yenyewe ina utata. Nchini Tanzania hutumika pia kwa uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Tena, maoni ni jambo la kushauri, ilhali wanaodai kura hii wanataka uamuzi.

2. Muungano ulivyofungwa

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Zilikuwa zimepita siku mia moja hivi Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Karume walipotia sahihi Hati ya Makubaliano ya Muungano, tarehe 22 Aprili. Bunge la Tanganyika liliiidhinisha tarehe 25 Aprili. Kwa upande wa Zanzibar, wanasheria wamebishana kwa miaka mingi kama Baraza la Mapinduzi liliiidhinisha ipasavyo. Lisilobishaniwa ni kwamba wananchi hawakupigishwa kura, si Bara wala Visiwani.

Mambo mawili yaliongeza manung’uniko. Kwanza, Hati iliorodhesha mambo 11 tu ya Muungano, lakini orodha iliyomo katika Katiba ya mwaka 1977 imefikia mambo 22. Pili, Hati iliahidi kwamba Bunge la Katiba lingeitishwa katika muda wa mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 1965 iliahirisha jambo hilo, na Katiba ya kudumu ikapatikana mwaka 1977. Mwananchi wa Visiwani aliyeona madaraka yakihama naye hakuulizwa alianza kudai aulizwe.

3. Dai lilivyokua

Mwanzoni dai halikuwa la kuvunja Muungano bali la kuubadili. Januari 1984, Rais wa Zanzibar, Alhaji Aboud Jumbe, alilazimika kujiuzulu baada ya kuandaa hoja ya kisheria iliyoelekea kwenye serikali tatu. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, nayo ilipendekeza serikali tatu, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1993 wabunge 55 wa Bara walidai Serikali ya Tanganyika, jambo linaloonyesha kwamba manung’uniko hayakuwa ya Wazanzibari peke yao. Mwalimu Nyerere aliwapinga vikali. Alionya pia kwamba watakaojitenga watakuta utengano unaendelea nyumbani kwao, Unguja ikikabiliana na Pemba.

Zanzibar ilipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, lakini swali lilihusu serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walikubali. Kura hiyo iliwafunza watu kwamba jambo zito linaweza kuamuliwa kwa swali moja na karatasi moja. Mwaka 2012 Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ilidai Wazanzibari waulizwe kuhusu Muungano kabla ya Katiba mpya kuandikwa. Mikutano yake ilivuta umati mkubwa. Mwezi Mei na Oktoba kulizuka ghasia, na makanisa yakachomwa moto. Viongozi wake walikamatwa. Baadaye wakashtakiwa kwa ugaidi huko Bara, na mashtaka yakafutwa Juni 2021.

Wakati huohuo Tume ya Jaji Warioba ilikuwa ikikusanya maoni. Sheria iliyoiunda iliitaka ilinde kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, hivyo mlango wa kujitenga ulifungwa kabla ya mjadala kuanza. Hata hivyo, kati ya Wazanzibari waliozungumzia Muungano mbele yake, takriban asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba. Tume ilipendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilirudisha serikali mbili, na kura ya wananchi iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, wala haijafanyika.

4. Nani aulizwe?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, yaani asilimia 3 hivi. Kura zikihesabiwa pamoja, sauti ya Visiwani inazama. Zikihesabiwa Visiwani peke yake, watu wachache wanaamua umbo la nchi ya wengi. Kila njia inatanguliza jibu la swali jingine: je, Zanzibar ni nchi?

Sheria hazijibu kwa kauli moja. Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa, ikatamka kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Mifano ya nje inathibitisha uzito wa jambo hili. Uskoti ilipopiga kura tarehe 18 Septemba 2014, waliopiga walikuwa wakazi wa Uskoti tu. Serikali ya London ilikuwa imeridhia, na waliotaka kubaki wakashinda kwa asilimia 55.3. Huko Komoro, katika kura ya Desemba 1974, visiwa kwa jumla vilitaka uhuru, lakini Mayotte ilikataa. Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa na kubaki na Mayotte, na mgogoro huo haujakwisha. Katanga nayo inatoa funzo la kinyume: tarehe 11 Julai 1960 kujitenga kulitangazwa bila wananchi kuulizwa, na hakuna hesabu ya kuonyesha wangapi walikutaka.

5. Hitimisho

Kwa ufupi, dai la kura ya maoni Zanzibar lina mambo mawili yaliyofungamana: lalamiko la kutoulizwa mwaka 1964, na madai kwamba Wazanzibari ni umma unaoweza kuulizwa peke yao. Serikali inaweza kulijibu la kwanza kwa kurekebisha mgawanyo wa madaraka na mapato, kazi inayofanywa chini ya jina la “kero za Muungano”. La pili halijibiwi na kamati ya kero. Linahitaji Katiba mbili zilizopo zikubaliane kuhusu maana ya neno nchi, na hilo bado halijafanyika.