Elimu Ipatikanayo Kazini: Wahudumu wa Afya wa Sericho

Msafiri atokaye mjini Isiolo kwenda Sericho huiacha milima ya Nyambene kando yake, akashika njia ya mashariki katika nchi tambarare yenye migunga, vumbi na joto kali. Upande wa kaskazini upo mto Uaso Nyiro, ambao maji yake, yakisalimika na kiangazi, huishia katika kinamasi cha Lorian. Wakaaji wengi wa huko ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Mwaka 2016 jina la Sericho lilisikika kwa wataalamu wa elimu ya nyota duniani, kwa kuwa ndipo ilipojulikana kwamba mapande mazito ya chuma yaliyolala porini humo ni kimondo kilichoanguka kutoka juu. Wachungaji walikuwa wakiyapita mawe hayo tangu zamani, na thamani yake ilikuwa haijatambuliwa.

Liko jambo jingine katika Sericho linalofanana na habari ya mawe hayo. Wapo wanaume na wanawake waliojifunza kazi ya kulinda afya za jirani zao kwa kuifanya kazi yenyewe. Hawakukaa miaka katika chuo, wala hawana joho la kuvaa siku ya sherehe. Lakini wamo katika kazi ile ile ambayo wengine huisomea vitabuni. Swali lililo mbele ya watu wote wapendao maendeleo ni hili: je, ujuzi wa namna hiyo uhesabiwe kuwa elimu, au uachwe ulale njiani kama jiwe?

KAZI YA NYUMBA MIA

Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa mataifa mengi walikutana katika mji wa Alma-Ata, wakakubaliana kwamba afya ya watu haiwezi kutegemea hospitali kubwa peke yake, bali huanzia nyumbani na kijijini. Kenya ilitunga mpango wake wa afya ya jamii mwaka 2006. Kwa miaka mingi walioitenda kazi hiyo walikuwa watu wa kujitolea tu, na wengi walipata asante kuliko fedha. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwatangaza wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 katika nchi nzima. Walipangiwa mkoba wa vifaa, simu ya kuandikia habari za kazi, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo nusu yake yapasa kutoka katika Serikali ya taifa na nusu katika serikali ya kaunti. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ilitiwa sahihi.

Kwa kawaida mhudumu mmoja hukabidhiwa nyumba zipatazo 100. Katika mji, nyumba mia ni mtaa mmoja, na mtu aweza kuzizungukia bila kuchafua viatu. Katika nchi ya wafugaji, nyumba mia ni nchi pana. Tena nyumba hizo zina miguu. Leo zipo karibu na kisima, na mvua ikinyesha kwingine zimekwisha kuhama pamoja na mifugo. Kwa hiyo mhudumu wa huko hana budi kujua jambo ambalo halimo katika kitabu cha afya: ni malisho gani yamefunguliwa, na ni njia ipi watu wameshika. Habari hizo hutoka kwa wazee wa dedha, yaani lile baraza la kimila la Waborana lenye kuamua matumizi ya malisho na maji.

MKOBA NA MATUMIZI YAKE

Katika mkoba huo mna mizani, kipimajoto, kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, na mkanda wa kupimia mkono wa mtoto. Mkanda huo ni kitu chepesi, lakini hukumu yake ni nzito. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 hupimwa sehemu ya juu ya mkono. Ukisoma sentimita 12.5 au zaidi, rangi ni ya kijani, na mama hutulizwa moyo. Ukiwa chini ya hapo, mpaka 11.5, rangi ni ya manjano, nayo ni onyo. Ukishuka chini ya 11.5, rangi ni nyekundu, na mtoto hana budi kupelekwa kutibiwa upesi.

Thamani ya mkanda huo ilionekana wakati wa ukame mkubwa, ambapo misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwishoni mwa 2022. Mifugo mingi ilikufa katika wilaya za kaskazini, na maziwa yakatoweka katika vibuyu. Mtoto wa mfugaji akikosa maziwa hupungua upesi, na mara nyingi mama mwenyewe hatambui, kwa sababu amwonaye kila siku humwona yu vile vile. Kipimo hakizoei, ndiyo faida yake.

Kuna tena kazi ya kuhesabu pumzi. Mtoto mwenye kikohozi hutazamwa kifua kwa dakika nzima. Aliye na umri wa miezi 2 hata 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika miaka mitano akivuta mara 40 au zaidi, huhofiwa kuwa na ugonjwa wa mapafu. Mtu aweza kuyasoma maneno haya kwa dakika moja. Lakini kuhesabu kifua cha mtoto anayelia, katika nyumba yenye kiza, huku mama akiuliza maswali, si jambo la dakika moja. Hufundishwa na anayejua, hujaribiwa mbele yake, hukosolewa, kisha hurudiwa. Atakayekosa hesabu, kosa lake halitaandikwa kwa wino mwekundu daftarini kama la mwanafunzi, litaonekana kaburini.

Waborana hawahitaji kufundishwa maana ya elimu ya namna hii. Hakuna kijana aliyejifunza kuchunga ngamia kwa kuandika ubaoni. Alifuatana na mkubwa wake, akaonyeshwa nyayo na majani, akaulizwa, akakosea, akakemewa, hata siku moja akaachiwa kundi. Kundi lenyewe ndilo mtihani.

HABARI YA MAZOEZI YA MWILI

Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa nchini Kenya ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililozidi kiasi. Watu wengi hudhani kwamba maradhi hayo, pamoja na kisukari, ni ya matajiri wa Nairobi wenye magari. Lakini maisha ya wafugaji nayo yamebadilika. Vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hata 1967, na baadaye ukame baada ya ukame, viliwaondolea watu wengi wa Isiolo mifugo yao, wakalazimika kukaa vijijini. Aliyekuwa akitembea tangu alfajiri nyuma ya kundi, sasa huenda akakaa mchana kutwa kivulini, akinywa chai yenye sukari nyingi. Mwili uliozoea safari umepewa kiti.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye kazi ya mwili ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 hata 300 kila juma, na watoto na vijana kwa wastani dakika 60 kila siku. Mashauri hayo si lazima yaanze kwa kujenga uwanja wala kununua viatu maalumu. Mhudumu mwenye akili huuliza kwanza: mtu huyu hutembea kiasi gani? Mama achotaye maji mbali hana haja ya kuhimizwa kutembea. Pengine anahitaji kupumzika na kupunguziwa mzigo. Mzee aliyepoteza ng'ombe zake na kubaki kitako ndiye wa kuhimizwa. Aliyepimwa na kuonekana na shinikizo la 140 juu ya 90 au zaidi hupelekwa kituo cha afya ili apimwe tena, wala haambiwi atembee tu arudi nyumbani. Kumjua yupi ni yupi ndiyo elimu yenyewe.

MIFANO YA KWINGINE

Shauri la kusoma huku mtu akifanya kazi si geni. Uingereza ilianzisha mwaka 2001 shahada za msingi, ambazo mtu aweza kuzipata akiwa kazini. Kiasi cha masomo yake ni theluthi mbili za shahada kamili, waajiri hushiriki katika kuyapanga, na aliyehitimu aweza kuendelea mpaka kuimaliza shahada yenyewe.

Wala hakuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Kenya ilikuwa na wauguzi zaidi ya 20,000 wenye cheti cha chini, ambao walitakiwa kuinuliwa wafikie stashahada. Kama wote wangaliitwa vyuoni, wodi zingalibaki tupu. Basi mwaka 2005 shirika la AMREF, ambalo lilianzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake warukao kwa ndege, pamoja na Baraza la Wauguzi na wenzao, walianza kuwafundisha kwa njia ya kompyuta. Muuguzi alisoma katika kituo kilicho karibu naye, akaendelea kuwahudumia wagonjwa wake, akafanya mtihani ule ule wa Baraza. Hakupunguziwa mtihani, alipunguziwa safari.

NGAZI NA VIDATO VYAKE

Wapo wanaoogopa kwamba, mhudumu wa kijiji akipewa cheti, atajifanya daktari na kuwachoma watu sindano. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini dawa yake si kumnyima mtu elimu. Dawa yake ni kumwonyesha wazi mpaka wa kazi yake, na kumwekea msimamizi wa kumkagua. Ajuaye kiasi cha ujuzi wake ndiye ajuaye pa kusimama.

Mwaka 2014 Kenya ilitunga sheria ya kupanga vyeti vyote vya elimu katika ngazi moja, na ndani yake imo nafasi ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ngazi, basi, ipo. Lakini ngazi yenye vidato vya juu tu haimsaidii aliye chini. Mwanamke wa Sericho ambaye kwa miaka mingi amepima watoto, akawapeleka wajawazito kituoni na kuandika habari zake bila kosa, akiulizwa cheti cha kidato cha nne tu, mlango humfungia. Akiulizwa aonyeshe kazi yake mbele ya wanaojua, huenda mlango ukafunguka. Na mtu akiinuliwa pale pale alipo, yaelekea zaidi kwamba atabaki na watu wake. Maana mengi ya wilaya za mbali ni haya, kwamba aliyepelekwa mbali kusoma huwa vigumu kumrudisha.

Yapo mambo matatu ya kutimizwa: posho ilipwe kwa wakati wake, msimamizi afike kweli na si kwa simu tu, na kila somo litimizwalo kazini liandikwe mahali pasipofutika, ili lihesabiwe siku ya kupanda. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kisichowekewa mtu wa kukitunza hakijai, hata mvua ikinyesha.