Kunde Kwenye Udongo Wenye Risasi



Mtu akipanda kunde karibu na mahali ambapo betri kuukuu za gari huvunjwa, anaweza kuvuna vizuri tu. Majani ni ya kijani, maua yanatoka. Lakini ndani, mmea uko vitani, na mboga hiyo mwisho wake ni sufuria yetu.

Ndani ya kila mmea kuna vimeng'enya. Hivi ni kama vibarua: kila kimoja kina kazi yake, na kisipokuwepo kazi hiyo inalala. Risasi (hii ya betri, sio ya bunduki), kadimiamu au zebaki ikiingia kwa mizizi, huzua ndani ya mmea oksijeni kali inayounguza. Kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Hiyo nayo bado ni kali, kwa hivyo kingine kiitwacho katalesi huivunja ikawa maji na oksijeni ya kawaida. Sumu ikiwa kidogo, mmea huongeza vibarua hawa na maisha yanaendelea. Ikizidi, vibarua wenyewe wanalemewa, majani yanageuka manjano na mmea unadumaa.

Jamii ya kunde ina shida moja zaidi. Ile mbolea yake ya bure hutengenezwa na bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi. Kule Woburn, Uingereza, mashamba ya majaribio yaliwekwa matope ya maji machafu ya mjini kuanzia 1942 hadi 1961. Miaka zaidi ya ishirini baada ya kuacha, mmea wa klova, ambao ni ndugu ya kunde, ulikuwa bado hauwezi kujitengenezea mbolea hapo, maana metali ziliua bakteria wazuri. Metali haziozi, jamani.

Ng'oeni mmea mmoja unapoanza kutoa maua, mpasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au pinki ndani, kinafanya kazi. Kikiwa kijani au kahawia, kimelala. Ila msikimbilie kusema ni sumu! Ukame, udongo wenye asidi na ukosefu wa fosfeti huleta hali hiyo hiyo. Jibu kamili hutoka maabara ya udongo, na lazima muombe wapime metali, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakizionyeshi.

Risasi pia huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza rangi ya kijani ya majani. Kimeng'enya hicho hicho mwili wa binadamu hukitumia kutengeneza damu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi hapo kuanzia 2007 hadi 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Wanaoumia zaidi ni watoto.

Risasi nyingi hubaki kwenye mizizi, na mbegu hupata kidogo kuliko majani. Majani tena hubeba vumbi, kwa hivyo yaoshwe kwa maji mengi. Samadi na chokaa hupunguza risasi inayoingia kwenye mmea, ingawa haziiondoi kwenye udongo. Pale betri zilipovunjwa, mimi ningepanda miti ya mbao, na kunde ningeipeleka shamba lingine. Na mabua yaliyomea hapo msiwape mbuzi.