Kura kama Arzahali: Jimbo la Arumeru Mashariki

Msafiri atokaye mjini Arusha kwa njia kuu ya Moshi, akapita Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, wakati soko linapofurika mikungu ya ndizi na matenga ya nyanya, aghalabu hudhani kwamba bado yumo mjini, kumbe amekwisha kuingia Arumeru Mashariki, jimbo la Wameru, ambalo ni shamba kwa asili na mji kwa ujirani tu. Juu, miteremkoni mwa Mlima Meru, vimo vihamba vya kahawa na migomba, vilivyogawanywa baina ya baba na wana hata vingine havigawiki tena. Chini, pande za Mbuguni na Kikwe, ni tambarare za mahindi. Kaskazini, nyuma ya mlima, ni Ngarenanyuki ya nyanya na vitunguu. Na Usa River, yaliko makao ya halmashauri, kuna mashamba makubwa ya maua, ambako kijana asiye na kihamba huenda kutafuta kibarua. Atakaye kuzielewa kura za jimbo hili, basi, asianze na bendera za vyama. Na aanze na ardhi.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson, iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kama jina hilo lilivyoandikwa zama hizo, na nyumba zao zikatiwa moto, ili mahali pale wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika silaha; walishika kalamu. Walichanga fedha zao, wakaandika arzahali, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuyasimulia yaliyowapata watu wake. Azimio la kuwaunga mkono lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu halikupata theluthi mbili zilizotakiwa. Kwa hiyo kura iliyowagusa Wameru kwa mara ya kwanza katika mambo makubwa ilipigwa ng'ambo ya bahari, na watu ambao hawakupata kuuona mlima wao.

Nami naona kwamba tangu hapo kura, kwa Mmeru, haikuwa kamwe kiapo cha utii kwa chama, bali ni arzahali nyingine: huandikiwa mkubwa aliyepo, na mkubwa huyo asipojibu, huandikiwa mwingine. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana katika kila jimbo lenye ushindani, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Waliobuni alama hizo walikuwa wakiwafikiria wasiojua kusoma nchini kote, wala hawakuwa na habari ya Ngarenanyuki; lakini ni vigumu kutowaza jinsi karatasi ile ilivyoonekana machoni pa mtu ambaye, miaka 14 kabla yake, alinyang'anywa shamba na kuchomewa nyumba.

Jambo la kanisa nalitaja kwa ufupi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligombana, hata kwa kupigana, juu ya kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini, na mwishowe ikapatikana Dayosisi ya Meru. Ukoo mmoja ulijikuta una pande mbili, na watu wakazoea kwamba mtu aweza kutoka katika chombo kikubwa asiwe amekufuru. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, somo hilo lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Hata hivyo CCM ilikishika kiti hiki kwa miaka mingi, hata alipofariki mbunge wake, Jeremiah Sumari, Januari 2012. Chama kikamteua mwanawe, Sioi Sumari, aliyekuwa pia mkwe wa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani. CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, na ambaye alikwisha kushindwa na marehemu mwaka 2010. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuja kuzindua kampeni za CCM, helikopta ya wapinzani ikanguruma juu ya migomba, na neno moja likazunguka kutoka kilabuni hata uwanja wa kanisa: kurithishana. Mmeru hana shaka na urithi wa kihamba, kwa kuwa ndiyo sheria ya nyumba yake. Ila kihamba kina mwenyewe, na ubunge wenyewe ni watu. Jumapili tarehe 1 Aprili Nassari alipata kura 32,972 na Sumari 26,757, tofauti ya 6,215. Wengi waisifuo siku ile husahau kwamba walioandikishwa walizidi 127,000, na waliofika vituoni hawakutimia nusu yao.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya kuchekesha, kwani Lowassa, aliyesimangiwa ukwe ule na wapinzani, alihamia kwao akawa mgombea wao wa urais, na CHADEMA ikatwaa majimbo 6 kati ya 7 ya mkoa wa Arusha, hili likiwamo.

Kisha arzahali ikakatika. Machi 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti cha Nassari kiko wazi, kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa. Na katika uchaguzi mdogo uliofuata mgombea wa CCM, John Danielson Pallangyo, alipita bila kupingwa. Mwaka 2020 CCM ilikishika kiti tena, na mwaka uliofuata Nassari, aliyekwisha kuhamia CCM, aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Bunda.

Mwanafunzi wa chaguzi alipata hasara mgombea alipopita bila kupingwa, maana sheria ya wakati ule haikutaka kura ipigwe palipokuwa na jina moja tu. Mwaka 2012, kura zilipokwisha kuhesabiwa, fomu ya matokeo ilibandikwa nje ya kila kituo, na watu wakaimulika kwa mwanga wa simu, wakinakili tarakimu kwenye viganja vyao. Mwaka 2019 madarasa yale yale yaliyokuwa vituo yalibaki na ubao na madawati yake, na mlangoni hapakuwa na karatasi.