Mwaka Ulioandikwa Si Mwaka wa Kuzaliwa

Ukikaa siku nyingi sokoni hapa Kindu, kuna mtu atakuja kukuonyesha sarafu ya feza iliyofungwa ndani ya kitambaa. Atakuambia: «Papa, hii ni ya wakati wa Tippu Tip. Angalia mwaka: 1780!» Mwaka ni kweli, umeandikwa. Lakini je, hiyo inatosha ili mutu atoe feza ya masomo ya watoto? Hapana. Tuone sababu.

CHAPA NI NINI?

Sarafu haiandikwi moja moja kwa mkono. Fundi anachonga picha na maneno, kinyumenyume, katika chuma kigumu. Chuma hicho ndicho tunakiita chapa. Sarafu moja inaomba chapa mbili, ya uso na ya mgongo. Kipande cha feza kinawekwa katikati, mashine inakandamiza, picha inabaki.

Ni kama kisanduku cha kufyatulia matofali. Ubao wake ukiwa na ufa, kila tofali linatoka na alama ya ufa ule. Ukikuta alama moja kwenye matofali mawili, unajua yametoka pahali pamoja, hata kama yamejenga nyumba mbili. Huko Marekani, zamani, herufi na nyota zilipigwa kwenye chapa moja baada ya nyingine, kwa mkono. Kwa hiyo chapa mbili hazikufanana kabisa: hapa herufi imeinama, pale nyota imesogea. Wanaokusanya feza za kwanza za Marekani wanachunguza mambo madogo kama hayo.

ZAWADI YA SULTANI

Kuna habari moja inayotugusa sisi. Tarehe 21 Septemba 1833, kule Muskati, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Biashara ya Wamarekani ndiyo iliyoeneza kitambaa cha merikani, ambacho misafara ilikileta mpaka huku Maniema.

Mwaka 1835 Roberts alirudi na zawadi, pamoja na sanduku la sarafu za Marekani. Moja ilikuwa dola ya feza yenye mwaka 1804.

Lakini dola ile haikupigwa 1804! Vitabu vya kiwanda cha Philadelphia vinahesabu dola 19,570 kwa mwaka ule, ila zilipigwa kwa chapa za miaka ya nyuma. Ile ya Sultani ilipigwa karibu na 1834, juu ya kutoa zawadi kwa wafalme. Baadaye, kuanzia karibu 1858, watu wa ndani ya kiwanda kile kile walipiga nyingine kwa siri, kwa ajili ya wakusanyaji.

Namna gani wataalamu walizitenga? Chapa ya uso ni ile ile. Ya mgongo ndiyo ilibadilika. Juu ya tai kuna mawingu, na juu ya mawingu kuna herufi za jina la inchi. Katika dola za kwanza herufi zimekaa pahali pamoja juu ya mawingu. Katika zile za siri zimesogea kidogo. Basi, ni hiyo tu. Na moja ya zile za siri, iliyo katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington, ilipigwa juu ya sarafu ya Bern, Uswisi, ya mwaka 1857. Sasa, 1804 inawezaje kulala juu ya 1857?

Kwa miaka mingi dola hizo zilizojulikana zilikuwa 15: nane za kwanza, saba za baadaye. Ile inayodhaniwa kuwa ya Sultani iliuzwa mwaka 2021 kwa dola 7,680,000.

NA ILE YA 1780?

Hiyo ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Arabuni, Ethiopia na Unguja walikuwa wamezoea uso wake. Basi ikaendelea kupigwa na mwaka ule ule: Vienna, halafu Roma tangu 1935, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Reale yenye 1780 inaweza kuwa na umri wa babu yako, ao mdogo kuliko wewe. Wajuzi wanahesabu lulu za kipini cha begani na kuchunguza manyoya ya mkia wa tai. Nyingi hazina bei kubwa kupita feza iliyo ndani yake.

Ukingoni kuna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake haki na huruma. Kwa reale hizo watu waliotekwa bara waliuzwa katika soko la Unguja, mpaka lilipofungwa 1873. Hata maneno mazuri yaliyopigwa juu ya feza hayatoshi. Tazama kazi iliyofanywa nayo.

KABLA YA KUTOA FEZA YAKO

1. Pima. Reale ya kweli ina gramu 28 na kidogo, na upana wa milimita 40 hivi. Wanunuzi wa zahabu wana mizani mizuri.

2. Leta sumaku. Feza haivutwi. Lakini risasi pia haivutwi, kwa hiyo usiishie hapo.

3. Soma ukingo. Maneno yakikosekana, ao ukiona mstari wa kuunganisha na vishimo vya mapovu, imemiminwa, haikupigwa.

4. Tumia kioo cha kukuza, uilinganishe na picha ya ile ya kweli.

5. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Mkusanyaji ataikataa ao atapunguza bei.

6. Muuzaji akikuharakisha, mwambie: «Yaya, rudi kesho.» Ukweli hauogopi kesho.

Vijana wetu wa Kalima wanaoosha kasiteriti hawaulizi jiwe jina lake. Wanalibeba mkononi, wanasikia uzito, ndipo wanasema. Fanyeni vile vile na feza ya zamani, na hadithi ya muuzaji iwe ya mwisho kusikilizwa.