Kabla ya Kupunguza Bukari, Tuangalie Kilo za Mtoto



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini: mwili wetu baada ya kuzaa. Hapa kwetu Bukavu mzazi hapati amani. Akinenepa katika juma za kwanza, watu wanafurahi: "Bwana yake anamtunza!" Miezi mitatu ikipita, watu walewale wanamwangalia tumbo na kumwuliza: "Mama, ni mimba ingine tena?"

Mmoja wetu amekubali tusimulie yaliyompata bila kutaja jina lake. Alizaa katika mwezi wa 11. Mwezi wa 1 alipeleka kikwembe cha Machi 8 kwa mshonaji, pamoja na blauzi ya mwaka uliopita ili iwe kipimo. Blauzi ile haikupita hata kwenye mabega. Alirudi nyumbani na haya. Tangu siku ile alikula mara moja tu kwa siku, mangaribi. Asubuhi alikunywa maji ya ndimu. Sokoni alinunua pia chupa ya dawa chungu ya "kukausha tumbo".

Mwezi wa 2 alipeleka mtoto kupimwa kwenye kituo cha afya. Kilo zilikuwa zilezile za mwezi uliopita. Yeye alifikiri mtoto ana ugonjwa. Lakini muuguzi alimwuliza jambo lingine: "Mama, wewe mwenyewe ulikula nini jana?" Hapo akaanza kulia.

Katika kikao chetu kilichofuata tulimwomba mkunga atufundishe. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Kwanza, kilo za mimba hazikuja kwa siku moja. Siku ya kuzaa, mama anapoteza kilo 5 ao 6 hivi: mtoto, kondo la nyuma, maji na damu. Tumbo la uzazi nalo linachukua karibu juma 6 kurudi kwenye ukubwa wake. Kinachobaki ni akiba ambayo mwili uliweka kwa ajili ya kunyonyesha. Akiba hiyo inapungua polepole.

Pili, mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko mbele ya mimba. Akishinda na njaa, anachoka, anakunywa maji kidogo, anamweka mtoto kwenye titi mara chache, na maziwa yanapungua. Tusisahau kwamba kwa miezi 6 ya kwanza mtoto hana sahani ingine: chakula chake chote ni maziwa ya mama. Na dawa za chupa ambazo hatujui ndani mna nini, zinaweza kupita katika maziwa mpaka kwa mtoto.

Je, tukae tu? Hapana. Mkunga alituambia kwamba baada ya juma 6, nusu kilo kwa juma inatosha. Si lazima kuruka chakula. Tubadilishe sahani: bukari ipungue kidogo, sombe, lengalenga, maharagi na sambaza viongezeke. Mafuta ya mawese ni mazuri, lakini tuyapime kwa kijiko, tusiyamwage kutoka kwenye chupa. Sukre ambazo wageni wanamletea mzazi, chupa moja tu inaweza kuwa na vijiko 8 vya sukari ao zaidi. Maji safi yanaondoa kiu vizuri zaidi. Na kutembea: milima yetu ya Bukavu inatosha, tuanze na mwendo mfupi, bila mzigo kichwani. Aliyezaa kwa kupasuliwa aulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Na kile kikwembe tunachofunga tumboni? Kinaweza kutegemeza mgongo, lakini hakiyeyushi mafuta. Kikifungwa mpaka mama anapumua kwa shida, kinamwumiza. Mara nyingi tumbo linabaki kubwa kwa sababu nyama zake zilifunguka wakati wa mimba, na zinahitaji miezi kukazana. Tumbo likianza kukua tena, tupimwe: mama anaweza kubeba mimba hata kama hajaona siku zake. Na mzazi akivimba uso na mikono huku kichwa kinamwuma sana, ao mguu mmoja ukivimba na kuuma, tusiseme ni unene. Twende kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mkunga hakulisema. Tulilisema sisi wenyewe. Dada yetu hakuanza kujinyima chakula kwa sababu ya kikwembe. Alianza kwa sababu ya midomo yetu. Wawili kati yetu tulikumbuka kwamba tulimwuliza lile swali la mimba, tena kwa kucheka. Tulimwomba musamaha mbele ya wote.

Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo mawili. Tukienda kuona mzazi, tunabeba maharagi, sambaza na mboga, na mmoja wetu anabaki kumchotea maji ao kufua, ili apate kulala na kutembea kidogo. Na hakuna anayesema neno juu ya mwili wake, iwe kwa kusifu, iwe kwa kucheka.

Dada yetu alirudia kula mara tatu, akamwaga ile dawa, na mtoto akanyonya usiku na mchana. Mwezi wa 3 kilo zilipanda tena. Mshonaji alichukua kipimo kipya, akaacha kitambaa cha ziada kwenye mishono. Machi 8 tulitembea pamoja, yeye katika kikwembe chake, mtoto mgongoni. Kilo mbili zimekwisha kumtoka, polepole. Zingine, anasema, zitatoka zikipenda.