Kuitembea Dunia kwa Miguu

Mwanafunzi wa Kindu akitazama ramani iliyotundikwa ukutani huona ajabu: Lualaba, mto wa kwao, unapanda juu kana kwamba maji yake yanakwea mlima. Sivyo. Mto unakwenda kaskazini tu; ukuta ndio ulioifanya kaskazini kuwa juu.

Kwa hiyo twapenda kuwapasha wasomaji wetu habari za ramani zinazolazwa chini, watu wakazitembea. Huko Denmark, kando ya ziwa la Klejtrup, Søren Poulsen alijenga dunia nzima kwa mawe na udongo, tangu 1944 hata 1969. Ina meta 90 kwa 45, na kila sentimeta 27 ni kilometa 111. Tukihesabu kwa kipimo hicho, Denmark yote toka kaskazini hata kusini haifiki meta moja. Kongo yetu ni meta tano. Nani atasahau tofauti hiyo akiisha kuipiga hatua?

Ramani nyingi za ukutani zilifuata mfano wa Mercator wa mwaka 1569, unaozikuza nchi zilizo mbali na ikweta. Humo Greenland huonekana sawa na Afrika, kumbe Afrika ni kubwa mara 14. Ramani ya chini nayo itakosea ikichorwa kwa mfano huo.

Tena kukosea si kwa watoto tu. Mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, kusini ya Kindu, akauona mto unaelekea kaskazini, akadhani labda ndio Nili. Mwaka 1874 Cameron alipima kimo cha nchi pale pale, akatambua kuwa Lualaba uko chini kuliko Nili huko Gondokoro. Nayo maji hayapandi. Stanley aliufuata toka Nyangwe mwaka 1876, akatokea Boma Agosti 1877.

Enyi walimu na wazazi, kiwanja cha shule chatosha. Watoto watazame jua linakochomoza, wailaze kaskazini ya ramani penye kaskazini yenyewe, wachore kwa majivu au chokaa. Wakiweka hatua moja kwa kila kilometa 111, Kongo itakuwa hatua 19 toka kaskazini hata kusini. Mtoto asimame Kindu, apite Ubundu, avuke ikweta kabla ya Kisangani, apinde magharibi, aivuke tena karibu na Mbandaka, kisha ashuke hata baharini. Ndipo atakapojua maji anayoyachota nyumbani yanakwenda wapi.