TUFANI NA MIKARAFUU YETU



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba tufani ni mambo ya Bukini na Morisi, sisi hayatuhusu. Kauli hiyo ni kweli nusu. Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na huzunguka kwa sababu dunia nayo yazunguka. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kuuzungusha upepo ni dhaifu, na visiwa vyetu haviko mbali na mstari huo. Ndiyo maana tufani hutufikia kwa nadra. Lakini nadra si kamwe.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na minazi iliyo mingi. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ndiyo iliyotangulia kwa karafuu. Mche wa mkarafuu hutaka miaka 6 au zaidi ndipo uzae; basi hasara ya siku moja hulipwa kwa miaka mingi.

Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, hata safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa.

Je, hujulikanaje mapema? Kituo kilichoko kisiwa cha Réunion huitazama bahari yetu usiku na mchana kwa picha za setilaiti. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, dhoruba hupewa jina: magharibi ya longitudo 55 na Bukini, mashariki yake na Morisi. Ukifikia 118, huitwa kimbunga. Hatari kubwa ni toka Novemba hata Aprili, ingawa Hidaya haikungoja kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo hututangazia.

Kwa hiyo, onyo likitolewa, asipande mtu mkarafuuni. Karafuu zilizoanikwa ziingizwe ndani pamoja na majamvi, na vyombo vipandishwe pwani. Upepo ukikatika ghafula, msitoke mbio: huenda likawa ni jicho la tufani linapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Ngojeni tangazo la redio, wala msifuate uvumi wa barazani.

Tahadhari kabla ya athari.

Katibu wa Chama